Kurumbiza wa Gede anayesema kwa sauti za wengine

Swali: Naishi Gede, Kilifi, karibu na magofu. Tangu mwezi wa tano kuna ndege anayeimba kwenye kichaka nyuma ya jiko letu, alfajiri na tena jioni giza likianza kuingia. Mara anapiga mluzi kama mtu, mara analia kama furukombe, yule tai mla samaki, mara sauti nyingine nisiyoijua. Programu ya simu imenipa majina matano tofauti kwa siku tatu. Nimemwona mara moja tu: mdogo, kifua cha rangi ya chungwa, akatoweka. Babu anasema ni kurumbiza. Ni ndege gani hasa, na nifanye nini asihame?

Jibu: Babu hajakosea, ila jina alilokupa ni la ukoo, si la mtu. Kurumbiza huitwa ndege kadhaa waimbaji wa vichakani wenye kifua cha rangi ya chungwa, na wapo wanaolitumia jina hilohilo kwa ndege wengine kabisa. Jina hilo linakufikisha mtaani. Mlango inabidi uutafute mwenyewe. Ndiyo maana hapa chini nitataja na majina ya kisayansi. Ni marefu, lakini mtu wa Gede na mtu wa Tanga wakiyatumia watajua wanazungumzia ndege mmoja.

Kwa maelezo yako, wa kwanza kushukiwa ni Cossypha natalensis. Hapa nitamwita kurumbiza uso-mwekundu. Mambo mawili yanamwelekea: mwezi wa tano, na tabia ya kuiga. Hata hivyo, hayo mawili hayatoshi kufunga kesi. Kinachofunga kesi ni uso wake, nawe hukuutaja. Si kosa lako, kwa sababu kifua cha ndege huyu kinang'aa kiasi kwamba jicho halipandi juu zaidi. Safari ijayo kiache kifua. Nusu ya ndege wanaokuchanganya wana kifua kama hicho.

Uso wa kurumbiza uso-mwekundu hauna alama yoyote. Hana nyusi nyeupe, hana kinyago cheusi, hana mstari wa masharubu. Rangi ya chungwa inaanzia usoni, inashuka kooni, kifuani, hadi tumboni bila kukatika, na katikati ya rangi hiyo lipo jicho jeusi, kubwa, la mviringo, kama shanga iliyobandikwa kwenye ganda la chungwa. Utosi na kisogo vina wekundu wa kahawia uliofifia kidogo. Mgongo na mbawa ni kijivu chenye ubuluu, rangi ya moshi wa kuni mbichi. Mkia ni mwekundu pande zote mbili, na manyoya mawili ya katikati ni meusi-kahawia. Akitulia, mkia unaonekana una mstari wa giza katikati. Akiruka, wekundu unafunguka. Urefu wake ni kama sentimita 17, kwa hiyo ni mdogo kidogo kuliko shore wa bustanini. Dume na jike wanafanana. Usipoteze muda kuwatenganisha kwa macho.

Jirani yake wa karibu, na ndiye hasa wa kumchanganya naye, ni kurumbiza nyusi-nyeupe, Cossypha heuglini. Huyu ni mkubwa zaidi, sentimita 19 hadi 20, na kichwa chake ni cheusi chenye mstari mweupe mpana unaoanzia mdomoni, unapita juu ya jicho, hadi karibu na kisogo. Ukiona mstari huo hata kwa nusu sekunde, kesi imekwisha. Tatizo ni kwamba kwenye giza la saa 12 na dakika 20 jioni, kijivu huonekana cheusi na rangi ya chungwa huonekana kahawia. Mtu anaona kichwa cha giza na kifua cha kahawia, anaamua ni nyusi-nyeupe bila kuziona nyusi zenyewe. Kanuni ni rahisi: nyeupe ndiyo rangi ya mwisho kupotea gizani. Ukimwona ndege kwa namna ya kutosha kusema kichwa ni cheusi, basi nyusi nyeupe ungekuwa umeziona. Kama hukuziona, andika "kichwa hakikuonekana vizuri" na usubiri kesho.

Wapo wengine wanne wa kuwaondoa kwenye orodha yako huko Gede, nao hawahitaji maneno mengi. Mwenye shingo iliyozungushiwa uzi mwembamba mweusi kama mkufu, koo la rangi ya krimu na jicho jeupe-kijivu ni Cichladusa arquata, ndege wa mivumo na minazi. Yeye ni mwekundu mgongoni na si kifuani. Mwenye kifua cheupe chenye madoadoa meusi ni ndugu yake, Cichladusa guttata, wa vichaka vikavu. Mwenye koo jeupe, nyusi nyeupe zilizopigwa kingo nyeusi, na ncha nyeupe mkiani ni Cercotrichas quadrivirgata. Huyu naye huiga sauti, kwa hiyo usimdharau. Na ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke kuna ndege mdogo wa sentimita 12 hivi, Sheppardia gunningi, mwenye koo na kifua vya manjano-chungwa lakini tumbo jeupe na mkia wa kahawia usio na wekundu wowote. Huyo wa mwisho ni adimu duniani, na watu husafiri mbali kumwona. Ukidhani umempata nyuma ya jiko, angalia mkia mara mbili kabla ya kumwambia mtu.

Kuna na mtego wa makinda. Kinda wa kurumbiza hafanani na wazazi: juu ni giza lenye madoa ya rangi ya mchanga, chini ni mabaka kama mkeka uliolowa. Mkia tu ndio unaofanana na wa mkubwa. Hata baada ya kubadilisha manyoya ya mwili, ndege mchanga hubaki na ncha za rangi ya mchanga kwenye baadhi ya manyoya ya bawa, safu ndogo ya vitone. Ukiona vitone hivyo kwa ndege ambaye uso wake wote ni mwekundu, hujapata ndege mpya. Umepata kijana.

Sasa tuje kwenye sauti, kwa sababu hapo ndipo simu yako ilipokwama. Kwa ndege wengi wa msituni sauti ndiyo ushahidi bora, maana majani huwaficha. Kwa huyu mambo yamegeuka: sauti yake inakuonyesha alipo, lakini haikuambii yeye ni nani. Programu inasikia mlio wa furukombe, nayo inajibu kwa haki kabisa kwamba ni furukombe. Haijui kwamba furukombe huyo ana uzito wa gramu thelathini na ushei na amesimama mita moja kutoka ardhini kwenye kichaka cha mkwamba. Majina matano kwa siku tatu si hitilafu ya simu. Kwa kweli ni dalili kwamba unasikiliza mwigaji.

Zipo njia tatu za kumnasa mwigaji kwa masikio. Kwanza, sauti za ndege wawili, watatu, wanne zinatoka sehemu moja ndani ya dakika moja, bila nafasi ya mmoja kuondoka na mwingine kufika. Pili, urefu kutoka ardhini haulingani na mwenye sauti. Furukombe huita angani au kileleni mwa mti. Sauti yake ikitoka chini ya kichaka, jua kuna uongo. Tatu, na hii ndiyo bora, katikati ya maigizo hayo kurumbiza uso-mwekundu huchomeka wito wake mwenyewe: noti mbili za kukwaruza kidogo, moja juu moja chini, prii-pruu, prii-pruu, kama baiskeli isiyotiwa mafuta ikisukumwa polepole. Hurudia hivyo kwa muda mrefu hadi unachoka. Wito huo hauna uzuri wowote, na watu huupuuza wakingoja wimbo. Jifunze huo kwanza. Mluzi unaoufananisha na wa mtu nao ni wa kwake. Noti ni nene, safi, na ndege hawa wanajulikana kwa kuiga hata miluzi ya watu wanaofanya kazi karibu nao.

Nyusi-nyeupe anaimba kwa namna nyingine. Huanza chini sana, karibu mnong'ono, akirudia kifungu kimoja, na kila akirudia anaongeza nguvu, hadi mwishoni inakuwa kama anakupigia kelele sikioni. Mara nyingi jike huingilia na wanaimba kwa kupokezana, kwa mpangilio unaokufanya udhani ni ndege mmoja. Sauti inayopanda namna hiyo, kifungu kilekile, ndiyo alama yake. Ile inayorukaruka kutoka kwa ndege mmoja hadi mwingine bila mpango inamwelekea uso-mwekundu zaidi.

Halafu kuna kalenda, ambayo kwa pwani yako ina thamani kubwa kuliko darubini ya bei ghali. Nyusi-nyeupe ni mkazi. Utamsikia mwaka mzima. Uso-mwekundu kwa wingi wao ni wageni wa pwani ya Kenya: huingia kuanzia Aprili na Mei, hukaa msimu wote wa kusi, na kufikia Novemba wengi wao wameondoka. Huko kusini zaidi mwa Afrika ndiko wanakozaliana, miezi ya Septemba hadi Januari, mvua za huko zinapoleta wadudu. Kwa hiyo ndege aliyekuanzia mwezi wa tano, ambaye hukumsikia Februari, anaingia vizuri kwenye ratiba hiyo. Rudi kwenye kumbukumbu yako kwa uaminifu: je, Februari alikuwa kimya kweli, au ulikuwa umefunga madirisha kwa sababu ya joto na feni?

Hapo ndipo jibu la swali lako la pili linapoanzia, nalo si la kupendeza. Atahama. Hakuna chakula wala maji utakayoweka yatakayomzuia mwezi wa kumi au wa kumi na moja, na wala asizuiwe. Unachoweza kufanya ni kukifanya kichaka chako kiwe mahali pa kukaa miezi yote aliyopo, na mahali pa kufikia mwakani.

Ndege huyu hula chini. Ukimwangalia kwa utulivu utaona mtindo wake: anaruka hatua tatu, anasimama, anainamisha kichwa upande mmoja, anageuza jani moja kavu kwa mdomo, anadona, kisha mkia unainuka polepole na kushuka. Chini ya jani hilo anatafuta mbawakawa, sisimizi, mchwa, buibui, viwavi. Matunda madogo ya vichakani pia anakula. Magofuni Gede na katika Arabuko-Sokoke ana ujanja mwingine unaostahili kungojewa nusu saa nzima. Kule kuna sengi mkubwa, mnyama mdogo anayefanana na panya, mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, Rhynchocyon chrysopygus, anayefukua majani makavu kwa pua yake ndefu mchana kutwa. Kurumbiza humfuata nyuma, karibu kabisa, akiokota wadudu wanaotimuliwa. Kwa hiyo ukisikia mchakarisho wa majani magofuni, usiangalie sengi peke yake. Teremsha darubini nyuma yake, hatua moja au mbili, kwenye tawi la chini. Siafu wakiwa kwenye msafara nao huvuta ndege wa chini kwa sababu hiyohiyo.

Sasa unaelewa kwa nini ufagio ndio adui mkuu wa kurumbiza wa uani. Ua uliofagiliwa hadi mchanga uonekane ni meza tupu. Huna haja ya kuacha uwanja wote. Acha ukanda wa mita mbili au tatu kando ya kichaka, majani yalale kwa unene wa vidole vitatu au vinne, na usiyachome. Kama wa nyumbani wanaogopa nyoka, na hofu hiyo si ya bure, basi weka ukanda huo upande usiopitwa na watoto, na fagia njia ya kuelekea jikoni na chooni kama kawaida. Sumu ya wadudu usipulizie huko: inaua chakula chake, na anachookota kikiwa nusu-hai kinaweza kumdhuru yeye pia.

Maji ni rahisi kuliko chakula. Sahani ya udongo au kifuniko cha sufuria, kina cha sentimita 2 hadi 4, kisizidi, chenye jiwe katikati la kusimamia. Kiweke chini, hatua mbili kutoka kwenye kichaka: karibu kiasi cha kukimbilia, mbali kiasi kwamba paka hawezi kuruka moja kwa moja kutoka mafichoni. Maji yamwagwe na sahani isuguliwe kila baada ya siku mbili, la sivyo utafuga mbu. Wengi huweka beseni refu, ndege hawaji, wanasema ndege hawana kiu. Ndege wana kiu. Kina ndicho kinachowatisha. Paka wa nyumbani afungiwe ndani saa za alfajiri na magharibi, ambazo ndizo saa kurumbiza anapokuwa ardhini. Ukitaka kupanda kitu, mkwamba ni mzuri, huota kwa urahisi na vitunda vyake vyeupe huliwa na ndege wengi. Usipande mwarobaini kwa ajili yao; unasambaa wenyewe na kuingia msituni bila kualikwa.

Kumtega na kumweka tunduni hukuuliza, lakini jirani atakuuliza, kwa hiyo jibu liwe tayari. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 huruhusiwi kukamata ndege wa porini bila kibali. Zaidi ya sheria, huyu si ndege wa nafaka. Ukimpa mtama na mchele atakufa njaa akiwa na chakula mbele yake.

Ili umwone vizuri, fanya hivi. Kesho alfajiri uwe umekaa, si umesimama, kufikia saa 11 na dakika 40, mita 8 hadi 10 kutoka kichakani, mgongo ukiegemea ukuta au mti ili umbo lako lisionekane wazi dhidi ya anga. Nguo za rangi iliyokolea. Darubini ya 8x32 au 8x42, yaani ya kukuza mara 8, inatosha. Ya kukuza mara 12 ni mzigo, kwa sababu mikono inatetema na mwanga ni mdogo. Kabla hajaanza, lenga na kurekebisha darubini kwenye tawi la chini lililo wazi, urefu wa goti hadi kiuno. Ndege huyu ana macho makubwa kulingana na mwili, ndiyo maana anaanza kazi kabla ya wengine na kuifunga baada yao, lakini wewe macho hayo huna. Dakika kumi za kwanza sikiliza tu. Mwanga ukitosha kusoma mistari ya kiganja chako, ndipo uanze kutazama. Mara nyingi anashuka chini wimbo unapokatika, si unapoendelea, kwa hiyo kimya kikiingia usiinuke.

Usimchezee sauti iliyorekodiwa kwa simu ili ajitokeze. Atakuja, au atanyamaza kabisa, na vyote viwili vinamgharimu muda wa kula. Kwa mwigaji kuna hasara ya ziada: ukimchezea, hujui tena kama anachoiga kesho amekipata msituni au kwenye simu yako.

Kurekodi ni jambo jingine, na ni jema. Zima data ili meseji zisiingie, funika maikrofoni na kitambaa chepesi kama kuna upepo wa kusi, elekeza upande wa chini wa simu kwa ndege, rekodi dakika mbili hadi tatu bila kusogea, na mwishoni taja kwa sauti tarehe, saa na mahali. Sikiliza ukiwa na spika za masikioni na uhesabu ndege wangapi "wamo" kabla ya kutafuta ile prii-pruu katikati yao.

Daftarini andika mambo haya matano kila unapomwona au kumsikia: tarehe na saa, nyusi (zipo, hazipo, hazikuonekana), rangi ya pande za mkia, rangi ya manyoya ya katikati ya mkia, na sauti alizotoa kwa mpangilio. Siku ambazo hukumsikia nazo ziandike; zile ndizo zitakazokuambia aliondoka lini. Ukishakuwa na uhakika wa uso na mkia, iingize taarifa yako kwenye mradi wa Kenya Bird Map, ambao hugawa nchi kwa miraba ya takriban kilomita 9 kwa 9 na kupokea orodha kutoka kwa mtu yeyote aliyejisajili. Na Novemba ikipita bado unamsikia prii-pruu nyuma ya jiko, usimwondoe daftarini kwa kudhani umekosea. Mtazame tena uso, kisha tuma rekodi, kwa sababu kurumbiza uso-mwekundu aliyebaki pwani ya Kenya hadi Januari ni habari ya maana kuliko yule wa Juni.